Injini Mseto za Ndege: Mafuta, Umeme na Anga la Shinyanga

Injini mseto ya ndege ni mtambo unaounganisha vyanzo viwili vya nguvu katika kuizungusha propela au feni ya ndege: injini ya kawaida inayochoma mafuta, na mota ya umeme inayolishwa na betri. Lengo lake ni kupunguza mafuta yanayochomwa angani na, kwa njia hiyo, kupunguza hewa ukaa inayoongeza joto la dunia. Kazi hii bado ipo katika hatua ya majaribio. Abiria anayekata tiketi leo kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam hawezi kuchagua ndege ya namna hiyo, na hataweza kwa miaka kadhaa ijayo.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniuliza hapa Ngokolo, baada ya kipindi cha mafundisho juu ya utunzaji wa mazingira: "Padre, sisi watu wa huku tunapanda mabasi. Ndege zinatuhusu nini?" Swali lake ni la haki, nami nimeliweka mbele ya macho yangu wakati wote wa kuandika makala hii. Mkoa wetu unajua gharama ya ardhi kuharibika. Misitu ilifyekwa kwa ajili ya kuwaangamiza mbung'o na kwa ajili ya mashamba ya pamba, hata watu wakaanza kuita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 ndipo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI, ulipoanza kurudisha ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na miti ya akiba. Kazi hiyo ilitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Watu waliorudisha miti kwa mikono yao wana haki ya kuuliza kinachofanywa na wale wanaochafua anga kwa injini zao.

Usafiri wa anga hutoa takriban asilimia 2.5 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Ukijumlisha na athari nyingine, hasa ile mistari ya mawingu membamba inayobaki nyuma ya ndege kubwa zinazopita juu sana, mchango wake katika ongezeko la joto hufikia karibu asilimia 3.5. Tarakimu hizi huonekana ndogo mpaka mtu atakapokumbuka kwamba sehemu kubwa ya wanadamu hawajawahi kupanda ndege. Oktoba 2022, mataifa wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yakikutana Montreal, yalikubaliana kulenga usafiri wa anga usioongeza hewa ukaa ifikapo mwaka 2050. Injini mseto ni mojawapo ya njia zinazotajwa katika kulifikia lengo hilo.

Lori la pamba na Mlima Sekenke

Namna injini hii inavyofanya kazi yaweza kueleweka vizuri kwa kulitazama lori la pamba linalotoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam. Kilomita nyingi za safari yake ni tambarare. Lakini baada ya Shelui lipo Sekenke, na lori lisilo na nguvu ya kupanda Sekenke halitafika Singida. Kwa hiyo mwenye lori hununua injini kubwa kwa sababu ya mlima mmoja, kisha huibeba injini hiyo kubwa, na kuilisha, katika tambarare zote.

Ndege nayo ina Sekenke yake: kuruka na kupanda. Katika dakika hizo chache za mwanzo huhitaji nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Ikishafika juu na kutulia katika mwendo wake, huhitaji nguvu pungufu, nayo injini iliyoundwa kwa ajili ya kupanda hufanya kazi chini ya kiwango ambacho ingetumia mafuta vizuri zaidi. Injini mseto huigawa kazi hiyo. Injini ya mafuta huundwa ndogo zaidi, ikapimwa kwa ajili ya mwendo wa kawaida wa angani, na mota ya umeme huingia kusaidia wakati wa kuruka na kupanda. Mpangilio ambapo injini na mota huzungusha propela moja kwa pamoja huitwa mseto sambamba. Upo pia mseto wa mfululizo, ambapo injini ya mafuta haigusi propela kabisa. Kazi yake ni kuendesha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaozungusha mota. Wa kwanza ndio unaokaribia zaidi ndege za abiria tunazozijua.

Kwa nini basi tusiiondoe kabisa injini ya mafuta na kutumia betri peke yake? Jibu ni uzito. Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati ya takriban kilowati-saa 12, wakati kilo moja ya betri za leo, ukihesabu na kasha lake na mfumo wake wa kupooza, hubeba karibu kilowati-saa 0.2. Chukua betri ya kilowati-saa 200, ambayo ndiyo iliyochaguliwa kwa mojawapo ya majaribio nitakayoyaeleza hapa chini. Uzito wake ni kama tani moja, yaani abiria kumi pamoja na mizigo yao. Nishati iliyomo ndani yake ni sawa na ile ya dumu moja la lita 20 la mafuta. Ni kweli kwamba mota ya umeme haipotezi nishati nyingi kama injini ya mafuta, na kwa hiyo dumu hilo moja laweza kuhesabiwa kama mawili au matatu. Hata hivyo haliwezi kuifikisha ndege Dar es Salaam. Tena mafuta hupungua uzito kadiri yanavyochomwa. Betri hutua na uzito uleule ilioruka nao.

Ndege ndogo ya mafunzo yenye viti viwili, Velis Electro ya kampuni ya Pipistrel, ilikuwa ya kwanza ya betri tupu kupewa ithibati na mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, Juni 2020. Huruka kwa muda usiofika saa moja. Kati ya Shinyanga na Dar es Salaam kuna takriban kilomita 730 kwa njia ya anga.

Walioanza, na walioacha

Jaribio linalotugusa kwa karibu zaidi linafanyika Kanada. Julai 2021 kampuni ya Pratt & Whitney Canada, kwa msaada wa serikali ya Kanada na ya jimbo la Quebec, ilitangaza kwamba itaigeuza ndege ya Dash 8-100 kuwa ya majaribio ya injini mseto. Upande mmoja wa ndege utabaki na injini yake ya kawaida. Upande wa pili utawekewa injini mpya ya mafuta pamoja na mota ya umeme yenye nguvu ya megawati 1, iliyotengenezwa na kampuni ya Collins Aerospace. Betri, ile ya kilowati-saa 200, inatoka kampuni ya H55 ya Uswisi. Ukipiga hesabu, betri hiyo yaweza kuilisha mota kwa nguvu zake zote kwa dakika 12 tu. Dakika hizo hutosha kupanda mlima. Lengo lililotangazwa ni kupunguza mafuta kwa hadi asilimia 30 ikilinganishwa na ndege za propela za leo za aina hiyo. Ilitarajiwa kwamba ndege hiyo ingeruka mwaka 2024; ratiba ikasogea, na mwaka 2025 mfumo wake ulijaribiwa ardhini kwa nguvu kamili.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa ataitambua Dash 8 mara moja. Ni ndugu mdogo wa Dash 8-400, ambayo wengi wetu huiita Bombardier, na wenye utani huiita pangaboi. Ndege mbili za kwanza za aina hiyo, zenye viti 76 kila moja, ndizo zilizonunuliwa na Serikali kulifufua Shirika la Ndege la Tanzania na kuwasili Septemba 2016. Injini zake, PW150A, zinatoka katika kampuni ileile inayofanya jaribio hili. Kwa maneno mengine, ndege inayofaa zaidi kwa injini mseto ni ile inayotua katika viwanja vya mikoa kama yetu, nayo si ile inayovuka bahari.

Aina ya pili ya ndege tunayoijua sana ni Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja inayopeleka watalii Serengeti, wataalamu migodini na wagonjwa katika viwanja vya udongo. Novemba 2022, huko California, kampuni ya Ampaire iliirusha kwa mara ya kwanza Caravan iliyoondolewa injini yake na kuwekewa injini ya aina ya dizeli pamoja na mota ya umeme. Kampuni hiyo inatarajia kupunguza mafuta kwa nusu au zaidi, hasa katika safari fupi. Marekani pia, shirika la NASA lilitoa fedha mwaka 2021 kwa kampuni za GE na magniX kwa ajili ya kujaribu mifumo ya umeme yenye nguvu za kiwango cha megawati katika ndege za Saab 340 na Dash 7.

Si wote waliofika. Mwaka 2017 kampuni za Airbus, Rolls-Royce na Siemens zilitangaza mradi wa E-Fan X, uliokusudia kuondoa injini moja kati ya nne za ndege ya jeti na kuweka mota ya megawati 2 mahali pake. Aprili 2020 mradi huo ulifungwa kabla ya ndege hiyo kuruka. Nalitaja hili kwa sababu matangazo ya teknolojia hufika kwetu kwa kishindo, na habari za kufungwa kwake huja kimyakimya, kama zinakuja.

Upo pia ukweli mwingine ambao hauna budi kusemwa waziwazi. Takriban asilimia 80 ya hewa ukaa ya usafiri wa anga hutoka katika safari za zaidi ya kilomita 1,500, na kwa safari hizo betri za leo hazina msaada mkubwa. Katika ndege kubwa wahandisi wanafikiria mseto mwepesi tu, ambapo mota ndogo husaidia injini katika vipindi vya mpito. Kampuni za GE na Safran zimeuingiza ndani ya mpango wao wa RISE, uliotangazwa mwaka 2021 kwa lengo la kupunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo injini mseto ikifanikiwa kabisa katika ndege za mikoani, bado sehemu kubwa ya tatizo itabaki juu ya Atlantiki na Asia. Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Laudate Deum wa Oktoba 2023, alionya dhidi ya kudhani kwamba kila tatizo la tabianchi litatatuliwa na chombo kipya huku mazoea ya wenye uwezo yakibaki yalivyo. Onyo hilo linaingia hapa bila kulazimishwa.

Joto, mwinuko na waya wa umeme

Uwanja wetu wa Ibadakuli, ambao umo katika mradi wa upanuzi wa viwanja vya mikoa unaofadhiliwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwanza ni hivyohivyo. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto la mwezi wa kumi huifanya iwe nyepesi zaidi. Injini ya mafuta huishi kwa hewa. Ikiipata pungufu, nguvu yake hupungua, na mchana wa joto kali huenda ndege ikalazimika kupunguza mzigo. Mota ya umeme haivuti hewa ili ifanye kazi. Hapo ndipo msaada wake wakati wa kuruka ungeonekana zaidi kwetu kuliko kwa wale wa viwanja vya pwani ya Kanada. Lakini joto hilohilo ni adui wa betri, ambazo hazina budi kupoozwa ili zisizeeke mapema au kushika moto. Ndege iliyojaribiwa katika baridi ya Quebec haijathibitishwa bado kwa jua la Kishapu.

Kisha kuna umeme wenyewe. Kuijaza betri ya kilowati-saa 200 kwa nusu saa, wakati abiria wanashuka na wengine wanapanda, kunahitaji kilowati 400 mfululizo, nguvu inayozidi mara kadhaa ile ya transfoma ya kawaida ya kijijini. Nchi yetu sasa ina Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na hapa mkoani, Ngunga wilayani Kishapu, upo mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 unaotekelezwa kwa awamu, ya kwanza ikiwa ya megawati 50. Umeme wa namna hiyo ukiijaza ndege, faida kwa tabianchi ni ya kweli. Ukiijaza kwa jenereta ya dizeli nyuma ya jengo la abiria, utakuwa umehamisha moshi kutoka angani na kuuleta uwanjani. Injini mseto ina unafuu mmoja juu ya ndege ya betri tupu: umeme ukikatika, rubani bado ana mafuta ya kumfikisha.

Mafuta hayo nayo yanaweza kubadilishwa. Tarehe 25 Mei 2023 Shirika la Ndege la Kenya lilirusha ndege ya Boeing 787 kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya kawaida na mafuta yasiyotokana na petroli, yaliyotolewa na kampuni ya Eni. Kampuni hiyo ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni mwaka 2022, na miongoni mwa mbegu zinazotumika ni nyonyo na pamba. Mkulima wa Shinyanga au Simiyu akisikia neno pamba hutega sikio, na ana sababu. Ila mbegu za pamba kwetu ni mafuta ya kupikia na mashudu ya ng'ombe. Kabla ya kuzipeleka kwenye tangi la ndege, hapana budi kuuliza nani atapika kwa nini.

Kutoka Kabanga hadi Kahama

Betri haidondoki kutoka mbinguni. Nyingi kati ya zile zenye uwezo mkubwa hutengenezwa kwa nikeli na kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi, mahali ambapo ajira ya watoto katika mashimo ya wachimbaji wadogo imelalamikiwa kwa miaka mingi. Nikeli ipo karibu zaidi. Kabanga, wilayani Ngara, kuna mojawapo ya akiba bora za nikeli ambazo hazijachimbwa duniani. Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano ya ubia yanayoipa Tanzania hisa za asilimia 16, na Machi 2024 ilitolewa leseni ya kiwanda cha kusafisha madini hayo kilichopangwa kujengwa Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi.

Hapo jibu la mwanafunzi wangu linapata uzito. Betri itakayoirusha ndege ya mtu wa Ulaya bila moshi yaweza kuwa imeanzia Ngara na kupita Kahama. Ukanda huu, kutoka Geita hadi Bulyanhulu na Mwadui, una uzoefu wa kutosha na madini: watu wanaohamishwa, fidia inayocheleweshwa, maji yanayotiliwa shaka, na pia barabara, ajira na shule ambazo zisingekuwapo. Laudato Si', Waraka wa mwaka 2015, unazungumzia deni la kiikolojia ambalo mataifa ya Kaskazini yanadaiwa na yale ya Kusini. Itakuwa ajabu deni hilo likilipwa kwa kuchimba shimo jipya katika kijiji kilekile kinachodai. Wanakijiji wanaopimiwa mashamba yao kwa ajili ya nikeli wanastahili kuelezwa nikeli hiyo inakwenda kufanya nini, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kutia dole gumba.

Suala la gharama limebaki, nalo lina mfano wa hivi karibuni. Ndege za Airbus A220 za Shirika la Ndege la Tanzania zilikuja na injini za kizazi kipya zinazotumia mafuta kidogo kuliko zile zilizotangulia. Mwaka 2022 baadhi yake zilisimamishwa kwa sababu injini hizo zilihitaji matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa, tatizo lililoyakumba mashirika mengi duniani. Shirika lenye ndege mia tatu husimamisha kumi na safari zikaendelea. Shirika lenye ndege kumi na kitu likisimamisha mbili, abiria wa Mwanza hulala uwanjani. Kuwa wa kwanza kununua injini mpya kuna bei yake, na bei hiyo ni nzito zaidi kwa mwenye ndege chache.

Ndege ya abiria hutumika miaka 25 au zaidi. Zile zilizowasili mwaka 2016 zinaweza kuwa bado zinaruka mwaka 2040, wakati kiwandani kwao utengenezaji wa Dash 8-400 mpya ulisimamishwa mwaka 2021. Kwa safari za Dar es Salaam, treni ya umeme inayofika Dodoma tangu mwaka 2024, na ambayo reli yake inajengwa kuja Isaka na Mwanza, huenda ikamfikia msafiri wa Shinyanga mapema kuliko injini mseto, tena ikiwa na nauli anayoimudu. Kwa mgonjwa wa dharura wa Geita, kwa visiwa vya Ziwa Viktoria na kwa viwanja visivyo na reli, ndege ndogo itaendelea kuhitajika, na huko ndiko Caravan au Dash 8 ya injini mseto itakapopimwa kwa haki. Mwanafunzi yule sasa anataka kusomea uhandisi wa umeme. Nimemwambia aanze na hesabu ya lile dumu la lita 20.